Mwongozo Kamili: Kutengeneza Vipande vya Bati vya Gari la Porini Nyumbani, Kuanzia Sakafu hadi Kinga ya Sampu

Kipande kimepimwa, kimekatwa kwa mstari ulionyooka, kimekunjwa kikakunjika. Kikifikishwa kwenye gari kinagoma: kimezidi milimita tano. Basi kinapigwa nyundo mpaka kiingie, kinachomelewa kikiwa kimejikaza, na kabla gari halijaimaliza miinuko ya kwenda Newala mshono umeshaanza kupasuka.

Wengine huvuka hapo salama, wakakwama kwenye moto: bati lililokuwa tambarare linatoka limejipinda kama jani lililokauka juani. Na wapo wanaofanikiwa yote mawili, halafu chumvi ya bahari na mvua za Desemba hadi Aprili zinawala sakafu ndani ya msimu mmoja au miwili.

Hapa tunafuata kipande kimoja tangu kadibodi hadi rangi: sakafu ya upande wa dereva, yaani trei yenye kingo nne. Ukiiweza hiyo, ukuta wa injini, boksi la betri na vifuniko vya giaboksi vinafuata njia ile ile. Mwishoni kuna kinga ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), ambayo ina sheria zake. Gari linaweza kuwa Land Rover ya zamani, Suzuki iliyovuliwa bodi, au fremu uliyoiunga mwenyewe, hesabu hazibadiliki.

## Vifaa vinavyohitajika

Bati. Nunua shiti ya chuma laini yenye uso safi unaong'aa, si ile nyeusi yenye magamba. Magamba yale huharibu mshono na hubanduka pamoja na rangi.

- Sakafu na ukuta wa injini: 1.5 mm (geji 16).
- Madigadi ya ndani, dashibodi, vifuniko: 1.2 mm (geji 18).
- Kinga ya sampu: 4 mm.

Usiamini maandishi ya chaki yaliyo kwenye shiti. Shiti ya futi 8 kwa 4 yenye unene halisi wa 1.5 mm ina uzito wa kilo 35 hivi, ya 1.2 mm ni kilo 28. Kama duka lina mizani, ipimwe. Kama halina, beba kalipa (kipimio cha unene) na upime pembeni, mahali ambapo mkasi haukuubana ukingo.

Mabati ya kuezekea nyumba hayafai hata kwa kiraka. Ni membamba mno, na yana zinki, ambayo ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku mzima. Ukilazimika kuchomelea chuma chenye zinki, isage yote sentimita 3 kila upande wa mshono, ufanye kazi nje, ukae upande upepo unakotoka.

Zana za kupimia na kukatia. Futikamba, rula ya chuma ya 300 mm, skwea, kalipa, kalamu ya kuchorea chuma, senta panchi (ya kuweka alama kabla ya kutoboa), drili yenye biti za 3, 6 na 8 mm, grainda ya diski za 115 au 125 mm, diski za kukatia za unene wa 1 mm, diski za msasa, faili, na mkasi wa bati kwa kona ndogo.

Zana za kukunjia. Engo (chuma cha umbo la L) mbili za 50 × 50 × 6 mm, kila moja urefu wa mita 1. Bawaba mbili nzito za geti. Klempu nne za G, angalau za 150 mm. Boksi la chuma la 40 × 40 mm lenye urefu wa 590 mm. Chuma kirefu cha 60 × 40 mm, mita 1. Na meza ya chuma isiyoyumba.

Nyundo. Ya mpira, ya chuma ya gramu 500, na ya kilo 2. Tafuta pia kipande cha mbao ngumu, mninga au mkongo. Ukiwa jirani na wachonga vinyago, omba kipande cha mpingo walichokitupa: ni kizito, hakibonyei haraka, na hakiachi kovu kwenye bati. Hakuna duka linalouza kisukumio kizuri kuliko hicho.

Kuchomelea. Mashine ya inveta ya ampia 160 au zaidi, fimbo za kuchomelea aina ya 6013 za 2.0 na 2.5 mm, na kipande bapa cha shaba cha unene wa 4 au 5 mm. Mashine ya waya wa 0.8 mm (MIG) ni bora zaidi kwa bati jembamba kama unayo. Fimbo zihifadhiwe kwenye kopo linalofunga kabisa. Hewa ya pwani huzilowesha zikiwa wazi, na fimbo yenye unyevu inarusha cheche ovyo na kuganda.

Kinga na rangi. Praima ya epoksi, praima ya zinki ya kupitishia moto (inayochomelewa ikiwa imeshapakwa), gundi ya kuzibia mishono ya bodi, rangi ya lami ya chini ya gari, na thina.

Kuhusu umeme: waya mrefu na mwembamba wa kuongezea ndio chanzo cha "mashine mbovu" nyingi. Kwa mita 20 tumia waya wa 2.5 mm² au mnene zaidi, na uukunjue wote; ukiuacha umeviringika unapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Jenereta iwe ya kVA 5 kwa kazi ya ampia 60 hadi 80.

## Kabla ya cheche ya kwanza

Chomoa waya hasi wa betri, kisha plagi za altaneta na kompyuta ya injini kama ipo. Tangi la mafuta litoke garini. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani limebaki na mvuke. Usilichomelee wala usilisogezee grainda.

Ondoa zulia, sponji na bomba za breki zilizo karibu. Weka ndoo ya maji na mtu wa kuangalia upande wa pili wa bati, maana moto huanzia mahali usipopaona.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulipuuza: usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki halafu ukachomelea. Aina zenye klorini zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Tumia thina, na usubiri ikauke kabisa.

## Hatua ya 1: Kadibodi kabla ya chuma

Anza na uwazi wenyewe. Pima ulalo wa kona kwa kona, pande zote mbili. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, fremu imekaa mshazari. Inyooshe kwanza, au ukubali kwamba kipande chako hakitakuwa mstatili na uchore hivyo hivyo. Kutengeneza trei ya mraba kwa uwazi uliopinda ni kutafuta ugomvi.

Chukua katoni ngumu, ukate kigezo cha sehemu ya juu ya trei bila kingo. Kipunguze ili kibaki na nafasi ya milimita 1 kila upande. Kisha tengeneza kingo nne kwa vipande vya kadibodi na uzibandike kwa gundi ya karatasi. Kingo zinaelekea chini, upana 25 mm, ndizo zitakazoshikana na fremu.

Andika kwa kalamu: JUU, MBELE, KULIA. Bila hivyo utakata kipande kizuri kilichogeuzwa kushoto kulia.

Kadibodi ikiwa mahali pake, fanya ukaguzi ambao chuma hakitakuruhusu kuufanya baadaye. Kanyaga pedali zote hadi mwisho. Ingiza gia zote, pamoja na wenzo wa 4x4. Chungulia chini: bomba la ekzosi liwe mbali na bati angalau 50 mm. Bomba za breki na nyaya zisiguse ukingo wowote.

Umefanikiwa ukiona: kigezo kinakaa chenyewe bila kushikiliwa, na hakuna kona inayoning'inia.

## Hatua ya 2: Pima makato ya mkunjo

Hapa ndipo zinapotoka zile milimita tano.

Bati likikunjwa, kona haiwi kali. Inakuwa duara dogo. Ukipima mguu mmoja kwa nje mpaka mgongo wa kona, kisha ukapima wa pili, kona hiyo umeihesabu mara mbili, ilhali bati lenyewe limepita njia ya mkato. Kwa hiyo bati bapa lazima liwe fupi kuliko jumla ya vipimo vya nje. Kiasi cha kupunguza kwa kila mkunjo tukiite makato.

Hayakisiwi, yanapimwa. Kata ukanda wa bati lile lile utakalotumia, upana 40 mm, urefu 100 mm kamili. Chora mstari katikati, kwenye 50. Ukunje digrii 90 kwenye kikunjio chako (namna ya kukitengeneza iko Hatua ya 6). Pima kila mguu kwa nje kwa kalipa, kisha jumlisha.

Hutapata 100. Kwa bati la 1.5 mm utaona kitu kati ya 102 na 103, tuseme 51.3 na 51.3, jumla 102.6. Hiyo 2.6 ndiyo makato yako. Rudia kwa kanda tatu na uchukue wastani. Ukibadili unene wa bati au kikunjio, anza upya.

Ukanda huu unakupa pia jibu la swali la pili: mstari ukae wapi ukilinganisha na chuma cha kubania, yaani kile kinachobana bati juu ya meza likikunjwa? Anza kwa kuuweka nje ya ukingo wa chuma hicho kwa unene mmoja wa bati, 1.5 mm. Miguu ikitoka sawa, hapo ndipo pake. Mguu uliobanwa ukiwa mrefu kuliko mwingine, vuta bati nje kwa nusu ya tofauti. Ukiwa mfupi, lirudishe ndani kwa nusu ya tofauti.

Vipande hivi vitatu vya majaribio vinakula robo saa. Watu wanaviruka kwa haraka, kisha wanapoteza nusu shiti.

Umefanikiwa ukiona: miguu ya ukanda wa tatu inalingana, ikipishana si zaidi ya 0.3 mm.

## Hatua ya 3: Kuchora

Tuchukue trei yenye vipimo vya nje 600 × 400 mm, kingo za 25 mm pande zote, makato 2.6.

Urefu wa bati bapa: 25 + 600 + 25 = 650; kuna mikunjo miwili, toa 5.2, unapata 644.8 mm.

Upana: 25 + 400 + 25 = 450; toa 5.2, unapata 444.8 mm.

Mistari ya kukunja haikai kwenye 25 kutoka ukingoni. Inakaa kwenye 25 kutoa nusu ya makato, yaani 23.7 mm. Kati ya mstari na mstari utapata 597.4 kwa urefu na 397.4 kwa upana. Hakiki: 23.7 + 597.4 + 23.7 = 644.8. Hesabu isipofunga hivyo, usishike grainda.

Mistari ya kukata ichorwe kwa kalamu ya chuma. Ya kukunja ichorwe kwa penseli au maka. Mkwaruzo kwenye mkunjo ni mwanzo wa ufa, na ufa ndio mlango wa kutu.

Kwenye kila kona, mistari miwili ya kukunja inapokutana, piga senta panchi na utoboe tundu la 6 mm kabla ya kukata chochote. Tundu hilo linalipa bati nafasi ya kupumua mikunjo miwili inapogombea sehemu moja. Bila hilo kona inachanika, au inavimba na kukataa kulala.

Toboa pia matundu ya 8 mm kwenye kingo, kila baada ya 50 mm, katikati ya upana wake. Humo ndimo utakapochomelea. Ni rahisi kutoboa bati likiwa bapa kuliko likishakunjwa.

## Hatua ya 4: Kukata

Bana bati juu ya mbao, ukate milimita 1 nje ya mstari, kisha umalizie kwa diski ya msasa mpaka mstari unusurike nusu yake. Usikandamize diski: acha ipite mara mbili au tatu. Diski ikikandamizwa inapasha bati joto, na ukingo unaanza kuwa na mawimbi ambayo hutayaondoa tena.

Kona nne kata kwa mkasi au grainda, ukiishia kwenye tundu, usilivuke.

Kisha pitisha faili kwenye kingo zote, pande zote mbili, mpaka kidole kisikwaruzwe. Si kwa ajili ya vidole peke yake. Vimeno vilivyoachwa na diski ndiko mipasuko huanzia wakati wa kukunja.

## Hatua ya 5: Kuliongezea bati ugumu

Bati la 600 × 400 lililo tambarare kabisa litapiga ngoma kila gari linapopita kwenye makorongo, na baada ya miezi litachoka na kupasuka pembeni. Dawa yake ni mifereji, na inapigwa sasa, kabla ya kukunja kingo.

Chukua ubao mgumu, uchimbe mfereji wa upana wa 14 mm na kina cha 5 mm. Laza bati juu yake, weka nondo laini ya 10 mm juu ya mstari wa mfereji, na ugonge nondo kwa nyundo ya kilo 2. (Kumi ya nondo na unene wa bati mara mbili ni 13, ndiyo maana mfereji ni 14.) Gonga kidogo kidogo kutoka katikati kwenda ncha, upite mara nne au tano. Ukishindilia kwa pigo moja bati linavutwa na kujipinda.

Mifereji mitatu ya urefu wa 300 mm inatosha kwa trei hii. Iishe angalau 40 mm kabla ya mstari wa kukunja, la sivyo mkunjo utapinda pale mfereji unapoishia. Bati likishatulia, pima tena: mifereji hula sehemu ya milimita hadi milimita nzima. Mistari ya kukunja iliyosogea ichore upya.

## Hatua ya 6: Kukunja

Kikunjio ni rahisi. Engo moja inachomelewa kwenye ukingo wa meza, uso wake ukilingana na meza. Ya pili inafungwa mbele yake kwa bawaba, ili ikiinuliwa ipandishe bati. Jambo la kuchunga ni moja: kitovu cha bawaba kilingane na ukingo ambapo engo mbili zinakutana. Kikiwa chini, bati litakwaruzwa na mkunjo utakuwa mpana.

Engo ya 50 × 50 × 6 hulegea katikati ikizidi 600 mm kwa bati la 1.5. Utaijua kwa dalili: ncha zimefika digrii 90, katikati 80. Ongezea bapa la 50 × 6 lililosimama nyuma yake, lichomelewe kwa vipande.

Kunja kwanza pande mbili fupi. Kisha zile ndefu, na hapa wengi huishia njia panda: kingo zilizosimama zinagongana na chuma cha kubania. Ndiyo sababu ya lile boksi la 590 mm. Ndani ya trei kuna 597 mm, kwa hiyo boksi linaingia. Kwa kuwa lina kimo cha 40 na kingo zina 25, linazipita kwa juu. Laza chuma kirefu cha 60 × 40 juu ya boksi, na ubane ncha zake mbili kwa klempu nje ya trei. Boksi linabana bati, chuma kirefu kinabana boksi.

Inua mpaka digrii 92 au 93. Chuma kina kinyongo, kitarudi nyuma mpaka 90. Usikunje ukanyoosha ukakunja tena. Kila safari bati linachoka, na mara ya tatu litapasuka.

Huna kikunjio? Bana bati kati ya engo mbili kwenye jiliwa na ulilaze kwa kipande cha mbao ukigonga, ukishusha digrii 15 kwa urefu wote kabla ya kuongeza. Kazi itatoka, ila makato yatakuwa tofauti. Ukanda wa majaribio upigwe kwa njia hiyo hiyo.

Umefanikiwa ukiona: trei ikipinduliwa kwenye meza inasimama kwa kingo zote nne bila kucheza, na skwea haipitishi mwanga kwenye kona.

## Hatua ya 7: Kufunga na kuchomelea

Ingiza trei bila nyundo. Ikigoma, tafuta inapogusa kwa chaki na usage hapo; usiilazimishe.

Saga rangi na kutu kwenye fremu kila mahali ukingo utakapolala, paka praima ya zinki pande zote mbili, kisha bana kwa klempu mpaka ukingo ushikane na fremu. Pengo likibaki, fimbo itayeyusha bati na kuacha fremu baridi.

Shikiza kwa nukta za moto kwanza: kona moja, kisha kona ya mkabala, kisha mbili zilizobaki. Kanyaga pedali tena. Ndipo uendelee.

Kwenye matundu ya 8 mm tumia fimbo ya 2.5 mm kwa ampia 75 hadi 85. Washa moto katikati ya tundu, kwenye chuma cha fremu, uzungushe kuelekea ukingo wa tundu. Fremu ni nene, ndiyo ipate joto kwanza. Tundu likijaa, acha. Ruka uende upande wa pili wa trei.

Kona nne za trei, bati kwa bati, zichomelewe kwa fimbo ya 2.0 mm, ampia 40 hadi 55, fimbo ikiwa upande wa hasi. Weka kile kipande cha shaba nyuma ya mshono: kinanyonya joto, chuma hakishikani nacho, na matundu yanapungua sana. Piga milimita 15, pumzika, nenda kona nyingine. Usirudi mpaka uweze kuweka kiganja.

Kuruka huku si mbwembwe. Chuma kilichoyeyuka kikipoa husinyaa na kuvuta bati. Mshono mrefu wa mfululizo unavuta upande mmoja wote kwa pamoja, ndipo sakafu inapogeuka wimbi. Usimwagie maji ili upoe haraka. Mshono unakuwa mgumu na mwepesi kukatika. Ukiona bati limeshavutika, weka chuma kizito nyuma ya mshono na ugonge mshono wenyewe kwa nyundo ndogo, taratibu. Kuugonga kunautanua, na bati linarudi.

Wanaotumia mashine ya waya na gesi wachunge upepo. Kusi ikivuma alasiri pale Mikindani au Lindi mjini, gesi yote inachukuliwa na mshono unatoka na vitundu kama mkate wa kumimina. Funga turubai au chomelea asubuhi mapema. Kuongeza gesi hakusaidii.

Umefanikiwa ukiona: ukipiga sakafu kwa ngumi inatoa sauti fupi, nzito. Ikilia kama debe, kuna sehemu haikushika.

## Hatua ya 8: Kutu

Siku ya kuchomelea iwe ndiyo siku ya praima. Chuma kilichosagwa kikalala uchi usiku mmoja karibu na bahari kinaamka na rangi ya chungwa.

Ondoa magamba ya fimbo yote kwa brashi ya waya, hasa kwenye kona. Magamba yale hunyonya unyevu na hubandua rangi kutoka chini. Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha, futa kwa thina, kisha paka epoksi, makoti mawili.

Gundi ya kuzibia mishono inafuata baada ya praima, si kabla. Ikiwekwa juu ya chuma kitupu, kutu itatembea chini yake bila wewe kuiona. Ziba juu na chini. Epoksi ikishakauka kama maelekezo ya kopo yanavyosema, paka lami chini ya sakafu.

Toboa tundu la 12 mm sehemu ya chini kabisa ya trei na ulizibe kwa kizibo cha mpira. Maji ya mto, mchanga na maji ya kuoshea lazima yawe na pa kutokea.

Tahadhari kwa wenye Land Rover za zamani: paneli nyingi za bodi yake ni aloi ya alumini, fremu ni chuma. Alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti. Paka praima pande zote mbili, weka ukanda wa mpira katikati, na bolti zivae washa za plastiki.

## Madigadi ya ndani, kwa kifupi

Umbo la duara halihitaji kikunjio. Shona mfuko wa turubai lenye tabaka mbili, ujaze mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse: chumvi yake inapita kwenye turubai na kuganda kwenye bati. Gonga bati la 1.2 mm juu ya mfuko ukianza pembeni kwenda katikati, likague kwa kigezo cha kadibodi kila baada ya duru moja.

Kabla ya kufunga, geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto huku springi ikiwa imebanwa kabisa. Tairi libakize angalau 40 mm.

## Kinga ya sampu

Hapa bati ni 4 mm na kazi yake ni kupigwa. Kipande cha 700 × 500 mm kina kilo 11, kwa hiyo kifungwe kwenye fremu, kamwe si kwenye injini wala giaboksi. Injini inacheza kwenye mipira yake, fremu haichezi nayo. Ukiziunganisha, kitu kitakatika.

Bati la 4 mm halikunjiki kwenye kikunjio cha bawaba. Kata mfereji kwa grainda kwenye mstari wa kukunja, upande wa ndani wa kona, kina cha nusu ya unene, milimita 2. Likunje kwa uzito wa mwili, kisha chomelea mfereji ujae kwa fimbo ya 2.5 mm, ampia 85 hadi 90. Geuza na upige mshono wa pili kwa nje, maana nusu ya unene iliyobaki imeshachoka kwa kukunjwa.

Sehemu ya mbele ipande juu kwa digrii 30 hadi 45, ili ikikutana na kisiki gari lipande juu yake badala ya kuchimba. Ukingo wa nyuma upinde kidogo kuelekea juu pia. Ukiachwa umenyooka, siku ya kurudi nyuma utakwangua ardhi kama jembe.

Kati ya kinga na sampu acha 30 mm. Chini ya hapo, jiwe la kwanza litaipeleka kinga kwenye sampu. Toboa tundu la 60 mm chini ya bolti ya kumwagia oili, na matundu marefu ya kutolea mchanga na maji.

Funga kwa bolti za M10 za daraja 8.8, sita, zikazwe Nm 45 hivi. Vichwa vya bolti vikae ndani ya vikombe vidogo vya bomba vilivyochomelewa kwenye bati. Kichwa kinachotokeza kinasagwa na mawe mpaka spana haikishiki.

Barabara za ndani za Liwale na Nachingwea zina nyasi katikati ya njia, na kiangazi zinakauka. Nyasi hizo hujikusanya juu ya kinga, karibu na ekzosi, na zinawaka. Kila mnaposimama kupumzika, pitisha mkono au fimbo juu ya kinga na uzitoe.

Baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara ya vumbi, lala chini ya gari na spana. Kaza bolti zote za kinga, ziweke alama ya rangi kichwani ili ujue ikigeuka, kisha angalia kona nne za sakafu kwa tochi: mstari mwembamba wa kutu juu ya gundi ni ufa chini yake. Usipake rangi juu yake. Kwangua gundi, toboa tundu la 3 mm pale ufa unapoishia, chomelea, upake upya.